Taya la Mbuzi Kwenye Goli la Oyugis

Katika nyumba ya Javan Ogeto maneno yalikuwa ya Susana. Yeye mume alikuwa na sindano, uzi na gundi. Mtu akileta kiatu pale kibandani, upande wa juu wa soko la Oyugis, Ogeto alikigeuza, akakitazama, kisha akasema "Kesho," au akasema "Hiki kimekufa." Basi. Aliyetaka mazungumzo alizunguka nyuma ya kibanda, kwa Susana, alikokuwa akiuza ndizi.

Walikuwa Wakisii wa upande wa Nyamira, Waadventisti, walioingia Oyugis bado vijana. Watoto hawakujaliwa. Susana alikuwa amecheza netiboli shule ya misheni kabla ya kuolewa, na mchezo ule ulimkaa mwilini kama homa ya zamani. Soko lilipopanuka akakusanya wasichana wa hapo hapo, wauza dagaa wa omena, wauza nyanya, wa cherehani, wa hoteli, akawafanya timu. Ogeto alichonga nguzo za magoli, akapinda vyuma vikawa pete, akasimamisha. Mpira ukipasuka aliushona yeye. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kwenye timu, na ilimtosha.

Kazi ya Susana ilikuwa vichwa vya wasichana. Mkono, alikuwa akisema, unafundishika. Kichwa ndicho kibishi. Wakati wa mazoezi alikalia kreti ya soda kando ya goli, na mdomo wake haukupumzika. Aliwasifu, akawatania, akawatukana kidogo, akawaimbia. Msichana akikosa alimwambia, "Hiyo ilikuwa yangu mimi. Sasa tupa yako." Wasichana walicheka, wakatupa, ukaingia.

Mwaka wa tisini na nne, mvua za masika zikianza, Susana alishikwa na tumbo. Alipelekwa hospitali, hakurudi. Wakamzika nyumbani Nyamira. Ogeto alirudi Oyugis akafungua kibanda. Waliokuja kumpa pole aliwaambia asante. Kilichobaki ndani yake hakikuwa na mdomo.

Siku chache baadaye kepteni wa timu, Aluoch, muuza omena mwenye sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara, alikuja kusimama mbele ya kibanda.

"Mzee, sasa tutafanyaje?"

"Huwa mnafanya nini?"

"Tunacheza."

"Chezeni."

Kwa maneno hayo Ogeto akawa kocha. Hakuomba, na hakujua namna ya kukataa.

Kulikuwa na haraka. Tangu wilaya kubwa ya zamani ikatwe, Migori ikapewa yake na Homa Bay, wilaya ya Oyugis, ikapewa yake, kila kitu kati ya pande hizo mbili kilikuwa mashindano. Mwezi wa nane timu ya Oyugis ilikuwa inakwenda kucheza mjini Migori, na kocha mmoja wa Kisumu alikuwa anakuja kutazama. Mama huyo alifundisha timu ya shirika kubwa, na mchezaji aliyemchukua alipewa kazi, mshahara na chumba. Susana, kabla ya kuugua, alikuwa amemtumia habari za msichana mmoja. Alimwambia, njoo umwone Nyarangi.

Nyarangi ndiye alikuwa mfungaji wa timu. Alikuwa mrefu, shingo kama ya korongo, Mkisii kama wao, mfanyakazi wa duka la vitambaa la Hodan. Asipopata hiyo kazi ya Kisumu, alikuwa wa kukunja vitambaa vya watu mpaka azeeke, ama amfuate dada yake kisiwani Remba akaanike omena. Hilo kila mtu sokoni alilijua. Na zamani hakuna aliyekuwa na wasiwasi, kwa sababu Nyarangi akisimama ndani ya duara na kuinua mpira, watu walikwisha geuka kurudi katikati.

Tangu mazishi, mkono wake ulikufa. Alidaka mpira vizuri, akajipanga vizuri, akauinua. Halafu hapo juu, katika kile kitambo kifupi ambacho mchezaji anaruhusiwa kuushika, mabega yalikakamaa kama ngozi iliyosahauliwa juani. Mpira ukagonga chuma, au usifike kabisa.

"Tupa," Ogeto alimwambia.

"Nimetupa, Tata," akajibu, kama Wakisii wanavyomwita baba.

"Tupa vizuri."

Hata yeye mwenyewe alisikia kwamba hayo hayakuwa maneno ya kumsaidia mtu. Aliuma meno. Ngozi ikikauka unaipaka mafuta. Msichana aliyekauka unampaka nini? Susana angejua. Lakini Susana alikwenda na mdomo wake, na mpira akamwachia mtu wa viatu.

Mwezi wa saba Migori walikuja Oyugis kwa mechi ya kirafiki. Wakawapiga Oyugis vibaya, mbele ya soko zima. Nyarangi hakupata kitu katika goli la juu, lile la upande wa mlimani, hata mpira mmoja. Watu walipotawanyika, wachezaji wakakaa chini kwenye nyasi, na Aluoch akasema lile ambalo wote walikuwa wakilinong'ona.

"Mlimwona yule mwanamume wa kofia, aliyekuja nao?"

"Nilimwona," akasema mmoja. "Kabla ya mechi alienda akainama pale chini ya goli la juu."

"Alikuwa anafunga kamba ya kiatu," Ogeto akasema.

"Mzee, viatu vyake vilikuwa vya kuingiza mguu tu. Havina kamba."

Ogeto, ambaye hutazama viatu kabla ya uso, alikumbuka kwamba ni kweli. Hilo likamkasirisha zaidi.

"Wametuzikia bilo," Aluoch akasema. Bilo ni dawa ya kuroga, ile inayofukiwa chini ili mpira usiingie. Katika pande zile kila timu ilishindwa na bilo. Hakuna iliyowahi kushindwa na timu nyingine.

"Mlikuwa mnabadilishana magoli," Ogeto akasema. "Na wao si walitupa hapo hapo?"

"Dawa inamjua mwenyewe, mzee."

"Hakuna kitu pale."

"Sawa. Hakuna."

Walisema sawa kama watu wanavyomwambia mtoto sawa. Nyarangi alikuwa anang'oa nyasi.

Mtu mwingine angebishana nao mpaka magharibi. Ogeto hakuwa na maneno ya kubishana, kwa hiyo alifanya lile alilolijua. Alikwenda kwa muuza mihogo akaazima jembe, akarudi, akaanza kuchimba chini ya goli mbele ya macho yao. Watu wa soko wakaona mzee anachimba, wakaja. Wakajaa.

Alichimba mpaka shimo likafika gotini. Udongo mtupu.

"Mmeona?" akasema.

"Zidisha kidogo," Aluoch akasema. "Mtu hafichi kitu juu juu."

Angeacha pale. Lakini hasira ilikuwa imeshika jembe pamoja naye. Akapiga tena, na tena, na jembe likalia kwa kitu kigumu. Akainama, akakivuta. Lilikuwa taya la mbuzi, meno yote yapo, limezungukwa na uzi mwekundu.

Watu wote walirudi nyuma kwa pamoja.

Ogeto alisimama ameshika lile taya kama mtu aliyeuziwa samaki aliyeoza. Alijua ni nini. Kabla pale hapajawa uwanja, wauza nyama walikuwa wakitupa mifupa pale. Yeye mwenyewe aliifukia alipokuwa anasimamisha nguzo. Na ule uzi ulikuwa neti ya vitunguu iliyooza, zile nyekundu za sokoni. Akaeleza hayo yote. Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa Oyugis, na hakuna aliyeisikiliza.

"Na hiyo neti," akauliza Aluoch, "ilijizungusha yenyewe?"

Soko likacheka, kicheko cha watu wenye hofu. Wasichana wakaondoka mmoja mmoja. Nyarangi aliondoka wa mwisho. Alivua ile fulana yake ya mfungaji, akaikunja taratibu kama anavyokunja kitambaa dukani, pembe kwa pembe, akaiweka juu ya bega la Ogeto kwa sababu mikono ya mzee ilikuwa na udongo.

Kesho yake Ogeto alifunga kibanda mapema akaenda kwa Hodan. Hodan alikuwa Msomali aliyekuja kufanya biashara, na Kiswahili chake kilikuwa kinakata kama wembe mpya.

"Mzee Ogeto, umechimbua nini wewe? Tangu asubuhi watu wanaingia hapa kuulizia mfupa. Hakuna anayeuliza kitambaa."

"Ni taya la mbuzi."

"Najua ni la mbuzi. Hata mimi nakula mbuzi. Wewe ulitaka kuwaonyesha hakuna kitu, ukawaonyesha kitu."

"Nilitaka waone."

"Wameona. Kichwa cha mtu, mzee, hakilimwi kwa jembe." Akageuka kuita nyuma ya pazia. "Nyarangi, baba yako wa mpira yuko hapa."

Nyarangi alitoka na kitambaa mkononi. Alikuwa amekonda.

"Tata, mimi sichezi tena."

"Kwa sababu ya mfupa?"

"Aluoch anasema kuna mganga kule Ndhiwa anayeweza kuitegua hiyo bilo."

"Hapana."

"Basi sichezi."

"Migori ni mwezi ujao. Yule mama wa Kisumu anakuja kwa ajili yako."

"Aje aone nini?" Nyarangi akauliza, akarudi nyuma ya pazia.

Hodan alimtazama Ogeto akitazama pazia. "Mwambie kitu," akamwambia kwa sauti ya chini. "Marehemu angemwambia kitu."

"Marehemu hayuko," Ogeto akasema, akatoka.

Jioni hiyo alipasha msumari moto akatoboa lile taya, akapitisha uzi wa viatu uliopakwa nta, akaenda kulitundika kwenye goli, chini kidogo ya pete, lining'inie mahali ambapo kila mwenye macho ataliona. Baadaye watu walisema mzee alikuwa na mpango, mzee ana akili ya ndani. Uongo. Alikuwa na hasira tu. Alitaka walitazame mpaka wachoke.

Saa ya mazoezi hakuja mtu. Akasubiri kando ya uwanja na mpira. Kesho yake vile vile. Siku ya tatu alichoka kusimama kama mwizi aliyefungwa, akaingia ndani ya duara akatupa mpira mwenyewe. Haukufika hata kwenye taya. Akaufuata, akaurudisha, akatupa tena.

Wauza omena, ambao meza zao zilitazama uwanja, walipata sinema.

"Fundi, hiyo haina kisigino, utaishikia wapi?"

"Jakisii, Mkisii wewe, rusha. Usiubebe kama mkungu wa ndizi."

"Mwacheni bwana. Taya inamcheka, na nyinyi mnamcheka, atamsikiliza nani?"

Ogeto alikosa, akafuata mpira, akakosa tena. Akawa anakuja kila jioni isipokuwa Ijumaa na Sabato. Aliyedhani mzee ana ushupavu hakujua habari za nyumba yake. Nyumbani hakukuwa na mtu wa kumwambia chakula kinapoa. Hapa angalau alitukanwa.

Habari zilifika kanisani kabla hazijamaliza soko. Mzee wa kanisa, Obare, alikuja kibandani akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Ndugu Ogeto, kanisa limesikia."

"Limesikia nini?"

"Mfupa."

"Ni taya."

"Washiriki wanasema unaliabudu."

"Nalitupia mpira kila jioni, na sijapata hata pete. Ibada gani hiyo?"

Obare alitaka kucheka, akakumbuka cheo chake. "Liondoe, ndugu yangu. Unatutia aibu."

"Wakirudi kucheza, nitaliondoa."

"Na wasiporudi?"

Ogeto akachukua kiatu, akaanza kukishona. Obare akakaa kidogo, akaenda zake. Hilo nalo likabaki kooni kama mwiba wa samaki aina ya ngege. Maisha yake yote hakugusa hirizi, hakuingia kwa mganga hata Susana alipokosa mtoto na ndugu wakamsukuma. Leo yeye ndiye mchawi wa Oyugis.

Nyarangi alipita pale jioni moja, amebeba furushi la vitambaa vya Hodan kichwani. Hakutaka kutazama. Lakini mtu aliyeujua mchezo hawezi kupita akiona unauawa.

"Tata," akasema kutoka barabarani. "Kiwiko."

"Kiwiko nini?"

"Kinatoka nje. Kiweke chini ya mpira."

Ogeto akakiweka. Akatupa. Mpira ukaenda kando zaidi.

"Sasa umekaza mkono. Mbona unakaza?"

"Wewe je, mbona unakaza?"

Nyarangi akaondoka na furushi lake. Lakini kesho yake alipita tena, na njia ya kwenda kwa fundi cherehani haikuwa hiyo. Akasimama karibu zaidi kidogo. Akamwambia habari za magoti. Siku iliyofuata akaweka furushi chini, akaingia duarani, akampokonya mpira kama mama anavyompokonya mtoto kisu.

"Hivi," akasema, akainua.

Wauza omena wakaacha vipimo vyao. Mpira ukatoka, ukaligonga taya, taya likabembea kwenda na kurudi. Watu wote wakalitazama likibembea. Lilipotulia, Aluoch akauliza kutoka mezani kwake, "Nyarangi, imekuuma?"

"Bado," Nyarangi akasema.

Mwanamke mmoja akacheka, wakacheka wote, na Nyarangi naye mdomo ukamponyoka. Akatupa tena, akakosa. Akatupa tena, akakosa. Wauza omena wakarudia kazi yao ya matusi, na sasa yalikuwa yanamwendea yeye. Shingo ndefu, goli fupi, mbona havikutani. Wewe uliroga mpira ukukimbie. Nyarangi akageuka kumtazama Ogeto, amwambie awanyamazishe.

"Endeleeni," Ogeto akawaambia wanawake.

Ule wa mwisho uliingia. Giza lilikuwa linakaribia, na hakuna aliyeshangilia, kwa sababu wengi walikuwa wameanza kufunga meza.

Walipokuwa wanakusanya vitu, Nyarangi alikaa juu ya furushi.

"Tata, mimi mfupa sikuuogopa sana."

"Sasa nini?"

"Nikiinua mpira macho yanaenda pale." Akaonyesha kwa kidevu mahali palipokuwa na kreti ya soda. "Hakuna mtu. Basi mikono inakufa. Ulipochimbua mfupa nikasema afadhali, sasa kuna sababu."

Hapo ndipo mtu mwenye maneno angemwambia neno. Ogeto alilitafuta.

"Hata mimi naangalia pale," akasema.

Nyarangi aliitikia kwa kichwa. Akajitwika furushi lake akaenda.

Baada ya hapo wengine walirudi, Aluoch akiwa wa kwanza, maana hakuweza kuvumilia kumwona Nyarangi akitupiwa mipira na mzee. Ogeto akaenda kuliondoa taya kama alivyomwahidi Obare. Wasichana wakakataa.

"Liache, mzee," Aluoch akasema. "Tumelizoea."

"Nilisema nitaliondoa."

"Liache. Likiwa hapo, tunajua liko wapi."

Akaliacha, na hilo halikumpendeza. Aliona kitu ndani ya macho yao ambacho hakukipenda. Walianza kuligusa wakiingia uwanjani. Msichana wa hoteli alilifuta vumbi kwa kanga. Ogeto akanung'unika peke yake siku nzima. Aliwatundikia mfupa wajue ni mfupa, nao wanautunza kama mgeni.

Siku ya mechi ilikuwa Jumapili. Lori la Ahmednur, kaka yake Hodan, lilikuwa linakwenda Migori kuchukua mahindi, likawabeba. Walikuta uwanja umejaa, na timu ya Migori imesimama nje ya mstari, imekataa kuingia.

"Haingii mtu," akasema kocha wao, "mpaka yule mzee apekuliwe."

"Mzee gani?" refa akauliza.

"Yule wa taya."

Habari zilikuwa zimetembea. Huko Migori ilisemwa kwamba Oyugis wana mzee Mkisii anayening'iniza mifupa golini na kuisemesha kila jioni. Refa alichukua mfuko wa Ogeto akaumwaga kwenye nyasi. Sindano. Uzi. Gundi. Kiazi kitamu kilichochemshwa.

"Hakuna kitu," Ogeto akasema.

"Ndivyo wanavyosema wote," akajibu kocha wa Migori.

Aluoch alikuwa anang'aa. "Mzee, wanatuogopa. Acha waogope."

"Waambie hakuna kitu."

"Mimi? Nina wazimu?"

Ogeto alikaa chini. Kule kwao hakuaminiwa, na huku hakuaminiwa, na safari hii hata waliokuwa upande wake hawakutaka aaminiwe. Upande wa pili wa uwanja alimwona yule mama wa Kisumu, kofia nyeupe, miguu imekunjwa, kalamu sikioni.

Robo ya kwanza Migori walicheza kama watu wanaokanyaga mayai. Walinzi wao hawakumsogelea Nyarangi. Aluoch na wenzake waligonga meno wakipita karibu nao, kaka kaka kaka, na umati wa Migori ukaguna. Nyarangi hakugonga meno. Alifunga alipopata nafasi, na nafasi zilikuwa nyingi mno, na Ogeto hakufurahi. Nini anachokiona yule mama wa kofia? Anaona msichana anayefunga bila mtu mbele yake. Hata yeye Ogeto, kwa mwezi mmoja zaidi, angefunga.

Hofu haina mizizi mirefu. Robo ya pili mlinzi mkubwa wa Migori, msichana mwenye mabega ya mbeba magunia, alinyang'anya mpira, akatazama mikono yake, akaona bado iko. Akawaambia wenzake kitu. Kuanzia hapo Migori wakarudi mchezoni, wakawafikia Oyugis kwa magoli, wakawapita. Nyarangi akapata mlinzi usoni. Akakosa. Akakosa tena, na umati mzima ukaanza kugonga meno, kaka kaka kaka.

Wakati wa mapumziko Aluoch alikuja kwa Ogeto amekunja uso.

"Mzee, niambie ukweli. Taya umeiacha Oyugis?"

"Nilibebe nilipeleke wapi?"

"Umeiacha."

"Aluoch, ni taya la mbuzi."

"Basi tumekwisha," Aluoch akasema, na wasichana wengine wakainamisha vichwa kama waliosomewa hukumu.

Ogeto alisimama. Maneno yalimjaa kifuani, mengi kuliko aliyowahi kuwa nayo, yote makali, na hakuna hata moja lililopata mlango. Miezi yote hiyo. Jua lote hilo. Yeye alitundika mfupa ili wauone kuwa si kitu, nao wamekuja mpaka Migori na kuugeuza kuwa mama yao. Akautazama uwanja, akatazama mikono yake, akakaa tena.

Ni Nyarangi aliyezungumza. "Aluoch, wewe nipe mpira tu."

"Ukose?"

"Nikikosa, nipe tena."

Robo mbili zilizobaki zilikuwa ndefu. Aluoch alimpa mpira kwa hasira, kama anayemlipa mtu asiyempenda. Yule mlinzi wa Migori alisimama mbele ya Nyarangi, mikono juu, mdomo ukifanya kazi.

"Taya iko wapi, mrembo? Imebaki inatafuna?"

"Imebaki," Nyarangi akasema, akainua.

Ukagonga chuma ukarudi. Umati ukapiga yowe. Ogeto aliona macho ya Nyarangi yakienda kando ya uwanja, yakitafuta. Hapakuwa na mtu pale, hapakuwa na kreti. Macho yakakaa pale kidogo, kisha yakarudi. Aluoch akampa tena. Mabega yakashuka. Ukaingia.

Uliofuata ukaingia. Uliofuata akakosa, wakamzomea, na yule mlinzi akamgongea meno usoni kabisa. Nyarangi alimngoja amalize, akanyoosha mkono kuomba mpira. Ukaingia. Aliendelea hivyo mpaka mwisho, anakosa, anaomba, anatupa. Mipira iliyoingia ilikuwa mingi kuliko iliyokataa, na uso wake ulikuwa mmoja kwa yote mawili.

Walishindwa kwa goli moja. Filimbi ilipolia, umati wa Migori uliingia uwanjani ukawabeba wasichana wao.

Yule mama wa Kisumu alivuka uwanja akaja kwa Ogeto, aliyekuwa anarudisha sindano zake kwenye mfuko.

"Shikamoo, mzee. Wewe ndiye kocha?"

"Marahaba. Ndiyo. Hapana. Alikuwa mke wangu."

"Nilisikia habari zake. Pole sana." Akachomoa kalamu sikioni. "Huyu mfungaji wako. Mkono nimeuona. Nataka kujua habari za kichwa. Kwa siku za kawaida yukoje?"

Ogeto alifikiri. Susana angemshika mama huyu mkono, angemkalisha, angemweleza habari za Nyarangi tangu utotoni mpaka jua lizame. Angejua neno gani liwekwe mbele na lipi nyuma. Mama alingoja na kalamu yake.

"Anakosa," Ogeto akasema. "Halafu anatupa tena."

Mama alimtazama kuona kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi.

"Sawa," akasema. "Mwisho wa mwezi aje Kisumu na nguo zake."

Ogeto alienda mwenyewe kumwambia Nyarangi, ambaye alikuwa ananawa miguu kwenye bomba. Nyarangi alisikiliza, akafunga bomba, akalifungua tena, akaendelea kunawa miguu ile ile iliyokwisha takata. Ogeto akasimama pale mpaka akamaliza.

Kwenye lori wengine walikuwa wamepanda juu ya magunia ya mahindi, na ubishi ulikuwa umefika mbali.

"Mzee," Aluoch akaita alipomwona. "Mimi nasema hivi. Ungeileta, tungeshinda. Goli moja tu, mzee. Goli moja."

Ogeto akafunga mfuko wake wa sindano.

"Na huyu akienda Kisumu, nani atatufungia?"

"Wewe."

"Mimi? Mimi mtu wa katikati. Maisha yangu yote sijatupa golini."

"Utakosa," Ogeto akasema. "Kesho jioni." Akampa mfuko amshikie, akapanda.